Pasi ya Mwanafunzi si Hati ya Ukaazi



Mtu akisimama juu ya kilima cha Mbuya, si mbali na hospitali yetu ya jeshi, akielekeza macho upande wa Nakawa, ataona chini yake majengo ya Chuo cha Biashara cha Makerere. Akigeuza shingo kidogo tu ataona kilima cha Kyambogo na chuo kikuu kilichoko huko. Katika vijiji vilivyomo kati ya vilima hivyo, Kinawataka, Banda na kwingineko, vijana wanaosoma wamepanga vyumba, na si wote walio raia wa Uganda. Wako waliotoka Kenya, Sudan Kusini, Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia. Askari wa doria hukutana nao usiku wakitoka maktabani au kwingineko, na jirani zao ni watu wa familia za askari.

Na katika nyumba hizo hizo za askari kuna mazungumzo ya namna nyingine. Baba yuko karibu kustaafu, mtoto amefaulu mtihani wa kidato cha sita, na wakala mmoja wa mjini amekwisha kuja na picha nzuri za chuo cha Kanada au cha Uingereza. Kiwanja cha kijijini kinatafutiwa mnunuzi. Wakala anasema: mtoto akishaingia chuoni, hati za kukaa huko daima zitakuja zenyewe.

Jioni ya leo twataka kueleza jambo moja linalowahusu watu hawa wote, yaani kijana mgeni aliyeko Banda, askari anayemsimamisha njiani, na mzazi anayetaka kuuza kiwanja. Je, kusoma katika nchi ya kigeni humpa mtu haki ya kuishi katika nchi hiyo daima?

Jibu la sheria, hapa kwetu na katika nchi nyingi, ni kwamba kusoma peke yake hakumpi mtu haki hiyo. Kwaweza kumkaribisha mlangoni, na katika nchi nyingine mlango wenyewe huachwa wazi kidogo kwa ajili ya wahitimu. Lakini hesabu ya miaka inayompeleka mtu kwenye ukaazi wa kudumu, mara nyingi, huanza baada ya masomo kwisha.

Askari ataelewa haraka akikumbuka ruhusa ya likizo. Aliyepewa siku 14 kwenda kwao Gulu au Mbarara ana karatasi halali, yenye muhuri na sahihi ya mkubwa wake. Hata hivyo hawezi kukaa huko mwaka mzima kisha akasema kwamba amehamishiwa huko. Karatasi yake ilitolewa kwa sababu iliyotajwa na kwa muda uliotajwa. Pasi ya mwanafunzi ni ya ukoo huo huo. Dola imemwambia mgeni: ingia, soma somo hili, katika chuo hiki, mpaka tarehe hii. Chuo kikibadilika, hapana budi pasi ifuate. Masomo yakikoma, sababu ya pasi imekoma.

Zamani mambo yalikuwa mepesi zaidi, na wazee wengi bado wana picha ya zamani hizo. Makerere ilianza mwaka 1922, na kwa miaka mingi vijana wa Afrika Mashariki nzima waliokuwa wakitafuta elimu ya juu waliletwa hapa Kampala. Julius Nyerere alisoma hapa toka 1943 hadi 1945. Mwai Kibaki wa Kenya na Benjamin Mkapa wa Tanzania walipata shahada zao hapa hapa. Mtawala alikuwa mmoja, na hakuna aliyewauliza vijana wale kama wangependa kubaki. Ilichukuliwa kwamba wangerudi makwao, nao wakarudi, na twajua walivyofika. Uhuru ulipokuja kila nchi ikatunga sheria yake ya uraia na ya uhamiaji, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikagawanyika kuwa vyuo vikuu vitatu. Tangu hapo mwanafunzi wa Kenya aliyeko Makerere ni mgeni kwa maana kamili ya sheria, hata kama lugha ya bibi yake yasikika pande zote mbili za mpaka wa Busia.

Sasa tuitazame sheria ya Uganda kwa makini, kwa kuwa ndiyo inayomhusu askari kazini. Misingi imo katika Katiba ya mwaka 1995, na utaratibu umo katika sheria ya uraia na udhibiti wa uhamiaji ya mwaka 1999. Anayetoa hati si polisi wala si jeshi. Ni Bodi ya Taifa ya Uraia na Uhamiaji, pamoja na Kurugenzi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo ofisi zake ziko barabara ya Jinja, mwendo mfupi tu kutoka Nakawa.

Mgeni anayesoma hupewa pasi ya mwanafunzi. Akimaliza na akapata mwajiri, au akiwa na mtaji wa biashara, aomba kibali cha kuingia, ambacho watu wengi hukiita kibali cha kazi. Vibali hivyo vimepangwa kwa madaraja ya herufi. Daraja B ni la kilimo, D la biashara, E la viwanda, F la wenye taaluma, na G la waajiriwa. Kijana aliyesomea uhasibu na kuajiriwa na kampuni hawezi kuendelea kutumia pasi ya shule. Yampasa avuke kutoka daraja la msomaji kwenda daraja la mfanyakazi, na kuvuka huko ni ombi jipya, lenye ada yake na masharti yake, ambalo laweza kukubaliwa na laweza kukataliwa.

Juu ya kibali cha kazi ndipo ipo hati ya ukaazi. Hiyo yafikiriwa kwa mgeni aliyekaa kwa halali miaka mingi na ambaye kuwapo kwake kumeifaa nchi. Kwa mume au mke wa raia. Na kwa watu waliowahi kuwa raia wa Uganda wakauacha uraia huo. Na juu ya ukaazi kuna uraia wenyewe. Ibara ya 12 ya Katiba yamruhusu kuomba kuandikishwa mtu aliyehamia Uganda kwa halali na kwa hiari yake, akaishi hapa si chini ya miaka kumi. Njia ya pili ni tajinisi, yaani uraia anaopewa mgeni baada ya makazi ya muda mrefu, ambayo yataka jumla ya miaka 20, pamoja na miezi 24 mfululizo kabla tu ya kuomba.

Hapa twaomba msikilizaji alitazame neno moja: kuhamia. Katiba haikusema mtu aliyepita hapa miaka kumi, wala aliyesoma hapa miaka kumi. Imesema aliyehamia, tena kwa halali, tena kwa hiari. Kijana aliyekuja na pasi ya kusoma alitamka mwenyewe, kwa sahihi yake, kwamba amekuja kusoma. Akitaka baadaye kusema kwamba amehamia, lazima awe na hati nyingine inayoonyesha siku alipogeuza nia yake mbele ya dola. Na wasidhani watu kwamba maneno ya Katiba ni mapambo. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba iliulizwa habari za wakimbizi walioishi hapa miaka mingi sana. Ikaamua kwamba mkimbizi aweza kuomba tajinisi, lakini mlango wa kuandikishwa si wake. Neno moja laweza kumwongezea mtu miaka kumi ya kungoja.

Watasema wengine: na Jumuiya ya Afrika Mashariki je? Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa sahihi mwaka 2009 ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Na ni kweli kwamba imelegeza mengi. Mwananchi wa nchi mwanachama, kwa kawaida, huingia bila ya kulipia viza, na pasi yake ya mwanafunzi hutolewa bila ada, kinyume cha mwanafunzi wa kutoka mbali. Raia wa Kenya, Rwanda na Uganda waweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tu, tangu mwaka 2014. Jumuiya sasa ina nchi nane. Kongo iliingia mwaka 2022, na Somalia ikafuata. Lakini waandishi wa Itifaki walikuwa waangalifu. Walipofika kwenye ukaazi wa kudumu, walisimama. Wakaandika katika ibara ya 14 kwamba jambo hilo litaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa maneno mengine, Jumuiya imemfungulia kijana darasa na kazi, lakini ukaazi wa kudumu umebaki mkononi mwa kila dola. Kwa maoni yetu huo ni upungufu wa Itifaki, kwa kuwa kijana huyo huyo ndiye anayeambiwa kila siku kwamba yeye ni mwana wa Jumuiya.

Majirani nao wamelitamka jambo hili kwa uwazi kuliko sisi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yasema kwamba mgeni aweza kuomba ukaazi wa kudumu akiwa amekuwa na kibali cha kazi kwa muda usiopungua miaka saba, na amekaa nchini mfululizo miaka mitatu ya mwisho. Kibali cha kazi, ndugu wasikilizaji, si pasi ya mwanafunzi. Kijana wa Kampala aliyesoma udaktari Nairobi miaka sita, siku ya kupokea shahada yake ana sifuri katika hesabu hiyo. Tanzania nayo humweka mwanafunzi katika kibali cha ukaazi daraja C, mbali na mwenye mtaji wa daraja A na mwajiriwa wa daraja B.

Turudi sasa kwa mzazi mwenye kiwanja, na nchi alizotajiwa na wakala. Kanada ndiyo isemwayo sana, na si bila sababu, maana nchi hiyo yataka watu na imepanga njia ya wahitimu wake. Aliyemaliza masomo yanayokubaliwa hupewa kibali cha kufanya kazi, ambacho chaweza kufika miaka mitatu. Akiisha kufanya kazi ya ujuzi kwa mwaka mmoja aweza kuingia katika shindano la alama la kuomba ukaazi wa kudumu. Twasema shindano, kwa sababu hupimwa umri, elimu, lugha na kazi, na aliye na alama chache hubaki nje. Na tazama sharti hili: kazi aliyoifanya akiwa bado mwanafunzi wa muda wote haihesabiwi katika mwaka ule mmoja. Mtoto anayefua vyombo hotelini usiku ili alipe karo hajengi njia ya ukaazi. Analipa karo tu. Tena, Januari 2024 serikali ya Kanada ilitangaza kuweka kikomo katika idadi ya vibali vipya vya wanafunzi, ambavyo kwa mwaka ule vilikadiriwa kuwa kama 360,000. Mlango uliokuwa wazi jana waweza kurudishwa nusu kesho, na mtoto yuko katikati ya kizingiti.

Uingereza imebadilika mara nyingi zaidi. Ruhusa ya wahitimu kubaki na kufanya kazi ilifutwa mwaka 2012, ikarudishwa kwa sura mpya tarehe 1 Julai 2021, kwa miaka miwili, au mitatu kwa mwenye udaktari wa falsafa. Kisha mwaka 2025 ikaamuliwa kwamba wale watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapata miezi 18 tu, isipokuwa wenye udaktari huo. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa kozi za kufundishwa darasani hawaruhusiwi tena kwenda na mke, mume au watoto. Na katika njia ya ukaazi kwa kazi ya ujuzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya miaka mitano, miaka ya masomo haikuhesabiwa, wala ile ya ruhusa ya wahitimu; Mei 2025 serikali ya huko ilitangaza nia ya kuifanya kumi iwe miaka ya kawaida ya kungoja. Aliyeanza safari kwa ramani ya 2021 amejikuta katika nchi nyingine ingawa hajahama chumba.

Marekani humwuliza mwanafunzi, kabla ya kumpa viza ya F-1, aonyeshe kwamba ana nia ya kurudi kwao. Kijana anayejisifu mbele ya ofisa wa ubalozi kwamba anakwenda kuhamia huko amejifungia mlango kwa ulimi wake mwenyewe. Baada ya shahada aruhusiwa mwaka mmoja wa kazi ya mafunzo, na miezi 24 zaidi kwa waliosoma sayansi, ufundi, uhandisi au hesabu. Baada ya hapo yahitajiwa mwajiri wa kumwombea kibali cha H-1B, na vibali hivyo kwa kampuni za kawaida ni 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, hutolewa kwa kura. Na Septemba 2025 ilitolewa amri ya rais ya kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya kadhaa. Ujerumani ni karimu zaidi. Mhitimu wa huko hupewa miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na akiisha kufanya kazi hiyo miaka miwili, akijua lugha na kulipa michango ya uzeeni, aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Lakini hata kwa mkarimu huyo, miaka miwili ni ya kazi.

Hatusemi mtoto asiende. Elimu ni mali, na wako wana wa askari waliokwenda, wakabaki kwa halali, na leo wanajenga nyumba za wazazi wao. Twasema hesabu ifanywe kwa masomo yenyewe kwanza: je, shahada hiyo ingefaa kama mtoto angerudi Entebbe siku ya pili baada ya kuhitimu? Kama jibu ni hapana, basi familia hainunui elimu, inanunua bahati. Na wakala anayeahidi ukaazi ndani ya bei ya karo anauza kitu kisicho chake, kwa maana hakuna chuo kinachotoa ukaazi, na hakuna wakala mwenye muhuri wa dola ya kigeni.

Yabaki sehemu ya askari akiwa kazini. Amesimamisha kijana saa nne ya usiku katika njia ya Kinawataka. Kijana ni mgeni, na tarehe ya pasi yake imepita wiki tatu. Hilo ni kosa, wala hatutalificha. Lakini ni kosa la namna gani? Huenda chuo kimechelewa kutoa barua ya kuthibitisha masomo. Huenda ombi la kuongeza muda liko ofisini na risiti iko chumbani. Huenda pia amekwisha kuacha masomo na anafanya kazi bila kibali. Askari hawezi kuyaamua hayo chini ya taa ya barabarani, na sheria haimtaki ayaamue. Kazi yake ni kuandika jina na namba ya pasi, kuulizia risiti, na kulifikisha jambo kwa maofisa wa uhamiaji. Akimkamata mtu, Katiba katika ibara ya 23 yataka mtu huyo afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Fedha inayotolewa gizani ili pasi ionekane mpya haiifanyi pasi kuwa mpya. Kesho yake askari mwingine ataisoma tarehe ile ile.

Vilevile hapana budi askari amjue mkimbizi. Nchi yetu imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na wengi wa watoto wao wako katika shule na vyuo vya Kampala. Hao wanaishi chini ya sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006, kwa hati za Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwanafunzi mkimbizi asipokuwa na pasi ya mwanafunzi, si ajabu. Aulizwe hati yake ya ukimbizi. Na kumrudisha kwa nguvu kule alikokimbia hatari ni jambo lililokatazwa na sheria.

Liko jambo la ndoa, ambalo vijana hulifanyia mzaha. Mgeni aliyefunga ndoa halali na raia wa Uganda aweza kuomba kuandikishwa baada ya muda uliowekwa na sheria, ndoa ikiwa bado hai. Mtoto wa wanafunzi wawili wageni, aliyezaliwa katika hospitali ya Kampala, hawi raia kwa kuzaliwa hapa tu. Katiba huangalia mzazi au babu. Na ndoa ya kukodi? Ibara ya 14 yasema kwamba uraia wa kuandikishwa waweza kuondolewa ukithibitika kwamba ulipatikana kwa udanganyifu, hila au hongo. Ibara hiyo hiyo, na hili litawapendeza wanajeshi, yamtaja pia mtu aliyejiunga kwa hiari yake na majeshi ya nchi yenye uadui na Uganda.

Kwa kijana wa Banda au Kinawataka anayetaka kubaki, kipindi cha hatari ni miezi ya mwisho ya masomo. Mwajiri atafutwe mapema, barua ya kazi ipatikane, na ombi la kibali lipelekwe kwa watu wa uhamiaji wakati pasi ya mwanafunzi ingali na siku. Anayekwenda kuomba akiwa na hati hai ni mgeni anayeomba. Anayekwenda baada ya tarehe kupita ataulizwa kwanza habari ya siku zilizopita, na pengine atatozwa kwa siku hizo, kabla ya mtu yeyote kuifungua barua ya mwajiri wake.